Usiguse Sakafu

6 Februari

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Mgongo ndio una maneno yake, lakini zege nabeba kama kawaida. Paa halivuji. Kuku wawili wamekufa, mmoja amebaki na anataga. Binti yangu hajambo, mumewe hajambo, mtoto wao ameota meno na ameshang'ata watu wote wa nyumba ile.

Usishangae kuona barua. Simu sina. Ilichomoka mfukoni nikimwaga zege, ikazama. Sasa iko ndani ya nguzo ya ghorofa ya kwanza. Wenzangu walicheka mpaka fomeni akapanda kuuliza kuna nini. Nikamwuliza kama tunaweza kuibomoa nguzo kidogo. Akasema nibomoe na kazi yangu papo hapo. Basi nitaandika. Dereva wa lori la saruji anapita kwenu akienda kupakia. Jibu mpe yeye. Ni mtu wa kuaminika ila anapenda chai.

Sasa shida yangu. Binti alikuja Jumapili bila kusema. Akanikuta nimelala kwenye benchi la sebuleni. Akauliza, "Baba, mbona uko hapa?" Nikasema napumzika. Akaingia chumbani. Akakuta toroli juu ya kitanda, mifuko ya saruji, mbao za kazi. Akatoka ameshika kiuno. Unakijua kile kiuno, ni cha mama yake.

"Baba, tangu mama afe hujalala humu."

Nikainama kutafuta viatu.

"Miaka miwili unalala juu ya ubao kama mzigo uliosahauliwa stendi!"

Nikasema benchi si baya. Hapo ndipo nilipoharibu. Akasema mwisho wa mwezi wa sita anakuja tena, na hatasema siku. Akikuta bado nalala sebuleni, ananihamishia kwake, nyumba tunaipangisha. Alisema kwa sauti ya chini, kwa hiyo najua ni kweli. Mkwe wangu ni mtu mwema lakini anaimba asubuhi. Siwezi kuishi kule. Na nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu. Nikampa neno langu.

Wewe uko peke yako na cherehani yako, nafasi ya kuandika unayo, na mambo ya vyumba unayajua. Nieleze kile chumba nikifanye nini mtu aweze kulala. Kiwe kimetulia. Vitu vipya siwezi, nitatafuta vilivyotumika.

Kwa nini nilihama chumbani usiniulize. Hakina raha. Basi.

Kaka yako.


21 Februari

Shikamoo kaka mkubwa, wewe pamoja na nguzo yako,

Nimecheka mpaka mteja akadhani nimemshonea kitu kibaya. Kumbe zile siku zote nakupigia hupokei, nasema kaka kaninunia, nilikuwa naipigia nguzo! Watakaohamia kwenye ghorofa hiyo watasikia ukuta unalia jioni, watatafuta wa kuja kuuombea.

Huku tu wazima. Miguu inavimba kidogo kwa kukanyaga cherehani, na macho yamekubali miwani baada ya ugomvi mrefu. Sare za shule zimepita msimu wake, sasa nashona mapazia na foronya. Nimepata jirani mpya, kibanda chake na duka langu ni ukuta mmoja. Anatengeneza samani kuukuu: viti vilivyovunjika miguu, makabati yaliyogoma kufunga. Watu wanamwita Msasa, maana hata akikusalimia mkono mmoja uko kazini unasugua ubao. Naye alifiwa na mke, zamani kidogo. Basi, huyo ni jirani tu, nimemtaja kwa sababu ana akili ya samani.

Sasa sikiliza. Kwanza toa. Usinunue hata msumari kabla hujatoa. Chumba cha kulala hakiombi vitu vingi, kinataka mtu akiingia mabega yashuke yenyewe. Toroli nje. Saruji nje. Ukishabaki na kitanda na kuta, kaa katikati utazame pande zote, uone jicho linakwama wapi. Linapokwama ndipo pa kushughulikia.

Rangi iwe moja na iwe imepoa. Usiniletee nyekundu. Fikiria jivu, fikiria maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Na hiyo balbu yako ya katikati inayomwaga mwanga kama mnatafuta sindano, iache ya kuvalia nguo. Ya kulalia iwe taa ndogo, chini, ya mezani.

Kitanda usibadilishe, mbao zile ni nzuri, zinataka kusuguliwa na kupakwa vanishi tu. Ongeza meza ndogo ya kando na kabati, umemaliza. Msasa anasema ukienda kununua kilichotumika usitazame rangi, rangi inatoka. Kigeuze ukitazame tumboni. Vuta droo zote. Nusa. Gonga miguu, ukiona unga unadondoka ujue kuna wadudu wanakula, kiache hapo hapo. Na kwenye maungio chungulia kunguni, usije ukahamia chumbani ukakuta wenyewe wapo.

Mapazia niachie mimi. Nipe kipimo cha dirisha. Kipimo cha kweli, si cha kunyoosha mikono na kusema "hivi".

Na swali moja, kaka. Nguo za wifi yangu ziko wapi? Miaka miwili hujasema ulizifanyia nini. Nauliza kwa sababu ya kabati tu, nijue ukubwa wake.

Dada yako mwenye miwani.


10 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Kuku ameacha kutaga. Mgongo uko pale pale. Fomeni amesema nikiendelea kutembea nimejikunja atanipa ufagio. Mtoto amemng'ata daktari.

Nimetoa vyote. Kipimo cha dirisha nimekiandika nyuma ya karatasi hii. Nimepima kwa futi ya kazi.

Rangi nilipata bure. Nyumba tunazomaliza kila moja inaacha mabaki kwenye kopo. Nikayamwaga yote kwenye ndoo nikakoroga kwa koleo. Kijani, waridi, njano, na kahawia kidogo. Nikadhani zikichanganyika zitapoa. Hazikupoa. Ilitoka rangi ya ulimi wa ng'ombe mgonjwa. Nilipaka kuta tatu kabla sijakubali kwamba ni mbaya. Jirani alichungulia dirishani akaniuliza nani anaumwa humu.

Nikarudia kwa chokaa. Ndoo ya mwisho nikaitia rangi nyeusi, tone. Imetoka kama mawingu ya asubuhi. Nilikaa humo nikiitazama mpaka chai yangu ikapoa. Jicho halikukwama.

Kitanda nimekisugua, nimekipaka vanishi. Mikono inanuka mpaka leo.

Kabati. Kule wanakouza vitu vilivyotumika kuna mzee anaitwa Bei Moja. Wanamwita hivyo kwa kumkebehi. Ukimwambia ghali, anaongeza. Nililiona kabati kubwa la mbao ngumu. Nikaligeuza tumboni kama alivyosema huyo Msasa wako.

Bei Moja akasema, "Unalinunua au unalizalisha?"

Nikavuta droo. Nikanusa.

"Lilambe kabisa, tumalize."

Nikasema lina mkwaruzo ubavuni, punguza.

"Huo mkwaruzo una umri mkubwa kuliko wewe. Nikipunguza nitakuwa nakukosea heshima wewe na mkwaruzo."

Nikalinunua kwa hasira. Halikuingia mlangoni. Mtu mwingine angelifungua kabati. Mimi nilifungua mlango. Nikang'oa fremu, nikatoa na tofali za pembeni, nikaliingiza, nikajenga tena. Jumapili yote iliishia hapo. Nilipomaliza kupiga lipu nikaona kabati lina skrubu nyuma. Linafunguka vipande vipande.

Usimwambie Msasa.

Kilichobaki ni sakafu. Unaijua. Niliimwaga wiki ile tuliyooana, mvua inakuja, marehemu ananibebea maji mbio mbio. Ikalala upande. Inateremka kutoka mlangoni kwenda dirishani. Maisha yangu yote nanyoosha sakafu za watu na yangu imepinda. Wenzangu wakija walikuwa wanaweka chungwa chini makusudi, linakimbia, wanacheka. Marehemu hakutaka niiguse. Nikileta saruji ya kuirekebisha, ananitafutia pa kuimalizia, mara choo, mara ngazi. Alikuwa anasema akideki maji yanajua njia yenyewe.

Sasa hakuna wa kukataza. Jumamosi ijayo naanza.

Swali la nguo nimelisoma.

Kaka yako.


17 Machi

Kaka,

Shikamoo, sisi wazima, salamu nyingine nitakupa siku nyingine maana dereva ameshawasha lori na anapiga honi kama anaharakisha bibi harusi.

Usiguse sakafu.

Paka kuta rangi ya ulimi wa mnyama yeyote unayemtaka. Bomoa milango yote ya nyumba hiyo. Sakafu iache ilivyo. Sababu siwezi kuandika, ni maneno yangu na wifi, na nilimwahidi. Wewe niamini tu, mara moja katika maisha yako, bila kuuliza.

Kwenye mfuko kuna mapazia na foronya, rangi ya majani makavu. Kuna na taa ya mezani, Msasa kaitengeneza kutoka mguu wa kiti. Sikumwomba. Alisikia tu habari ukutani.

Usiguse!

Dada yako.


26 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Mfuko wako umefika juzi. Lori lilikufa njiani, gia zilikatika, dereva akakaa huko akisubiri kipuri mpaka akajulikana mji mzima. Mapazia yako yametembea kuliko mimi.

Sakafu nimeshaigusa. Imekwisha zamani.

Nilimwaga upande wa dirisha, nikavuta ubao, nikalainisha kwa mwiko mpaka inang'aa. Nimeipima kwa pima maji kila pembe. Kiputo chake cha hewa kinakaa katikati kama kimepigiliwa msumari. Wenzangu walikuja na chungwa lao. Wakaliweka chini. Likakaa. Wakangoja. Likakaa. Hawakuwa na la kufanya, wakalimenya wakala.

Chumba kimekwisha. Nakueleza ujue hukuandika bure. Meza ya kando ni kiti kirefu cha baa, nilikipata kwa Bei Moja, nimekikata miguu. Alisema ningekata kabla ya kununua angeniuzia nusu. Chini kuna kipande cha kapeti, ofisi moja tuliyokuwa tunaivunja walikuwa wanakitupa. Nimekifua kwa brashi ya kusugulia ndoo, kimekuwa laini. Taa ya Msasa iko juu ya meza. Haitikisiki hata ukigonga. Nimegonga. Mapazia yameshuka sawasawa na sakafu, hayagusi wala hayaelei. Nikiyafunga mchana humo ndani panakuwa kama uko ndani ya kikombe cha chai ya maziwa. Hakuna kelele. Hata kuku akilia unaona analia nyumba ya jirani.

Nalala vizuri.

Sasa sema. Kwa nini nisiguse sakafu? Umenitia wasiwasi kwa kitu ambacho kimeshakauka.

Na jambo jingine. Huyu Msasa namkuta kila barua. Anasema hivi, anatuma vile, anasikia ukutani. Ukuta wenu ni wa nini, wa karatasi? Anakula wapi huyo mtu?

Kaka yako.


10 Mei

Shikamoo kaka,

Huku kwetu mvua na matope, wateja hawaji, nikija dukani naongea na cherehani. Miwani niliikalia, nimeifunga uzi. Majirani wanakusalimu.

Msasa anakula pale watu wanapokula.

Sasa tuje kwako. Kaka, wewe ni mwongo mbaya. Si kwamba uongo ni mbaya, hapana, hujui tu kuusema. "Nalala vizuri." Kabati limepata karatasi nzima, kapeti limepata maelezo mpaka brashi iliyolifua, kulala umekupa maneno mawili. Halafu dereva kanywa chai hapa kwangu, na kikombe cha pili kikamlegeza ulimi. Anasema alipita nyumbani kwako asubuhi, ukatoka ndani na mistari shavuni. Godoro halichori mistari, kaka. Benchi ndilo linalochora. Hata barua mpya ulimpa ukiwa umeinama kama unatafuta kitu chini.

Kwa hiyo chumba kipo, kimetulia kama ulivyotaka, na wewe uko nje yake. Na mwezi wa sita ndio huo.

Nimewaza sana. Nilimwahidi wifi kwamba neno hili halitatoka. Lakini wifi mwenyewe angekuona kwenye hilo benchi angelisema kabla yangu, tena kwa kelele. Basi nalisema, akinidai tutamalizana huko.

Unakumbuka nilipokuja kukaa kwenu, binti yako akiwa bado anatambaa? Mimi nilikuwa nalala kwenye benchi hilo hilo. Siku moja tunachambua maharage uani, nikamwuliza wifi, "Huyu mumeo ananyoosha sakafu za mji mzima, yenu kwa nini humwachi ainyooshe?" Akaniletea ile hadithi ya maji ya kudeki. Nikamwambia, wifi, mimi si mtoto. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

Akasema, "Wifi, kaka yako hana maneno. Tangu tuoane hajawahi kuniambia njoo. Anageukia dirishani, analala. Mimi niko upande wa mlangoni, kule juu. Basi sakafu inaniteremsha pole pole, asubuhi najikuta niko mgongoni kwake. Na yeye anasogea kidogo kunipa nafasi, halafu anajifanya kalala. Kaka yako haniiti, wifi. Sakafu ndiyo inaniita kwa niaba yake. Akiinyoosha, nani ataniita?"

Akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utaona haya, utahamia upande wa mlangoni, na mchezo utakuwa umekwisha.

Ndiyo hiyo sababu. Saruji ikishakauka imekauka, sikuambii hivi uumie. Nakuambia kwa sababu najua unaingia kwenye chumba hicho kizuri, unalala umenyooka kama rula, hulali, na hujui kwa nini.

Dada yako.


12 Juni

Kaka, shikamoo.

Mbona kimya? Lori limepita na kurudi, na kupita tena, dereva anashuka mikono mitupu. Anasema barua alikukabidhi mkononi. Ukakaa juu ya mifuko ya saruji ukaisoma, ukaikunja, ukaitia mfukoni, ukarudi kubeba zege. Hukusema hata hali ya hewa.

Kama nimekukasirisha niandikie umenikasirisha. Hata kwa neno moja, wewe si mtu wa mengi. Mwezi unakwenda, binti anakuja, nami siku hizi nikishona nachoma kidole.

Na kwa kuwa nimeshaharibu, acha nimalizie kuharibu. Msasa anakula kwangu. Si kila siku. Karibu kila siku. Anataka kuja kukuona, na si kwa habari za kabati. Baba yetu hayupo, wewe ndiye wa kuulizwa. Nimemwambia asubiri kwanza nijue kama bado nina kaka.

Nawe usicheke, nina umri huu na miwani ya uzi.

Dada yako.


1 Julai

Mdogo wangu,

Kaka unaye. Sikukasirika. Nilikuwa sijui niandike nini. Hata sasa sijui, lakini dereva amekataa kuondoka bila karatasi. Amekaa hapa anakunywa chai.

Kuku anataga tena. Mtoto anatembea kwa kushika ukuta. Mgongo umenyamaza.

Barua yako niliisoma mara moja. Mara ya pili sikuihitaji. Nilikuwa najua marehemu anateremka. Nilidhani ni usingizi wake tu. Sikujua anafanya makusudi. Na yeye alikuwa anajua najifanya nimelala. Tumeishi hivyo miaka yote, watu wazima wawili.

Nilibaki kwenye benchi wiki kadhaa nikiwaza. Fundi mwenzangu alisema nivunje sakafu. Nikakataa, ni kazi nzuri ile. Nilichukua ubao wa kazini nikakata vipande viwili, nikaviweka chini ya miguu ya kitanda ya upande wa mlangoni. Nikalaza pima maji juu ya godoro. Kiputo kikasogea. Nikaongeza ubao mwembamba, kikasogea tena, mpaka kikafika pale kilipokuwa kikifika zamani. Sikuwa nimewahi kupapima. Lakini napajua.

Nikalala upande wangu wa dirishani. Nikasogea kidogo, kama nilivyozoea.

Fomeni alimtuma mtu aje aangalie kama nimekufa. Jua lilikuwa limepanda, watu wameshapumzika chai ya kwanza. Nilipofika alifoka mbele ya kila mtu. Haki yake. Nikamwuliza kama naona vibaya au kweli natembea nimenyooka. Akanitazama, akanipa toroli.

Binti alikuja jana. Hakubisha hodi. Akalitazama benchi, lina ndoo za maji juu. Akaingia chumbani. Akagusa mapazia, akavuta droo zote kama wewe, akanusa mto. Akakaa kitandani, akateleza kuelekea dirishani.

"Baba! Kitanda kimepinda! Wewe na pima maji yako yote!"

Nikasema kiache.

"Si uweke sawa, ni ubao tu huu."

Nikasema kiache, mama.

Mtoto akawekwa juu, upande wa mlangoni. Akaviringika mpaka upande wangu. Akacheka, akataka tena. Tukamrudisha juu, akaviringika tena. Binti akawa ananitazama. Halafu akavua viatu akajilaza pale pale kwa mama yake, akafumba macho. Alipoamka akasema, "Haya baba, umeshinda." Kwa hiyo sihami. Mkwe ataimba bila mimi.

Uliuliza nguo za marehemu. Zimetundikwa kwenye kabati, zote. Ndiyo sababu nililitaka kubwa. Ila gauni moja, lile la maua madogo, nimempa dereva akuletee. Nishonee foronya mbili. Moja ya kila upande.

Msasa. Aje. Taa yake nimeigonga kila siku na haijalegea, mtu wa hivyo hawezi kuwa mbaya. Atalala kwenye benchi, ndoo nitaziondoa. Akiamka na mistari shavuni asilalamike. Mwambie na habari ya skrubu za kabati, nimeshajua umemwambia.

Nina swali moja tu kwake, na akija asinizungushe. Je, ni mtu wa maneno? Kama anajua kukuita, mimi sina neno, chukuaneni. Ila kama ni wa kugeukia dirishani kama mimi, niambieni mapema. Nitakuja na saruji yangu niwamwagie sakafu ya chumba chenu.

Kuipindisha najua.

Kaka yako.